Kuchagua Marumaru ya Bafu la Manyunyu: Jiwe Lipimwe Likiwa Limelowa

Marumaru nyingi huchaguliwa zikiwa kavu, chini ya taa kali za muuzaji, na mtu aliyesimama hatua mbili mbali nazo. Bafuni zitaishi maisha mengine kabisa: zitalowa kila siku, zitapakwa sabuni na mafuta ya nywele, zitakanyagwa na miguu mitupu yenye povu, na mara nyingi hazitapata muda wa kukauka kabla ya mtu wa pili kuingia kuoga. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashikilia shauri moja, kwamba kila uamuzi, kuanzia aina ya jiwe hadi rangi ya gundi, upimwe kwanza kwa kuuliza maji yatafanya nini mahali hapo. Uzuri wa mishipa, yaani mistari ya rangi ipitayo ndani ya jiwe, una haki yake, ila zamu yake huja baada ya swali hilo kupata jibu.

Tabia ya jiwe lenyewe

Marumaru ni jiwe la chokaa lililobadilika ndani ya ardhi kwa joto na mgandamizo, mpaka punje zake zikawa fuwele zilizoshikana. Sehemu yake kubwa ni kalisi kabonati katika umbo la madini yaitwayo kalisiti, na katika baadhi ya machimbo kalisiti hiyo huchanganyika na madini mengine yaitwayo dolomiti au huzidiwa nayo. Humo ndimo zinamotoka tabia mbili zinazowasumbua wenye mabafu. Ya kwanza ni ulaini. Katika kipimo cha Mohs, ambacho talki ina 1 na almasi ina 10, kalisiti ina 3, dolomiti iko kati ya 3.5 na 4, na kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga unaoingia na nyayo, ina 7. Mchanga huo ukisagwa na mguu juu ya marumaru, jiwe ndilo litakalochubuka. Tabia ya pili ni udhaifu mbele ya asidi. Limau, siki, na dawa nyingi za kusafishia vyoo na mabomba huyeyusha uso wa kalisiti na kuacha alama iliyofifia, isiyo na mng'ao, ambayo haitoki kwa kusuguliwa kwa kitambaa kwa sababu hapo hakuna uchafu wa kutoa. Jiwe lenyewe limeliwa.

Jambo hili lina upande ambao wauzaji wachache huutaja. Gamba jeupe linaloachwa na maji magumu kwenye mabomba na kuta ni kalisi kabonati ile ile. Dawa ya asidi inayoliyeyusha gamba hilo italiyeyusha pia jiwe lililo chini yake, kwa kuwa kikemikali hivyo viwili ni ndugu wa damu. Mwenye kuta za kaure, yaani vigae vya udongo uliochomwa, humwaga dawa yake, akasuuza na kuondoka; mwenye marumaru hana njia hiyo, na analazimika kulizuia gamba lisijengeke tangu mwanzo kwa kufuta maji ukutani kila baada ya kuoga. Ikiwa maji ya nyumbani kwako huacha gamba nene ndani ya birika, na huna mpango wa kuyalainisha, basi lipime jambo hili kabla ya yote yanayofuata, kwa maana hakuna aina ya marumaru ya kalisiti itakayokuepusha nalo.

Kuhusu kunyonya maji, hofu ya watu wengi imezidi kiasi. Kiwango cha Marekani cha marumaru ya ujenzi, ASTM C503, hakiruhusu jiwe linyonye zaidi ya asilimia 0.20 ya uzito wake, na marumaru nzuri hukidhi kiwango hicho. Maji hupita zaidi kwenye mishipa, nyufa na matundu yaliyojazwa, na kiasi kidogo tu hutosha kulifanya jiwe jeupe lionekane jeusi-jeusi, kwa sababu fuwele zake hupenyeza mwanga na kufichua unyevu ulioko ndani.

Kuhakikisha unachouziwa ni marumaru

Katika biashara jina hili hubeba vitu vingi. Huitwa marumaru kaure iliyochapishwa picha ya mishipa, na vipande vya jiwe vilivyogandishwa kwa resini (gundi ya kemikali inayokauka ikawa ngumu) au saruji, na hata jiwe la chokaa ambalo halikuwahi kubadilika. Njia rahisi ya kutofautisha ni kutazama ubavu wa kigae na mgongo wake. Katika jiwe halisi mishipa hushuka hadi ubavuni, na mgongo huonyesha alama za msumeno; katika kaure mchoro huishia usoni, na mgongo una matuta madogo ya kalibu. Ukipanga vigae kumi sakafuni na kukuta viwili vyenye mishipa inayofanana kabisa, hiyo ni picha. Kwa upande wa ugumu, kisu cha chuma huikwaruza marumaru kwa urahisi mgongoni, lakini hakiikwaruzi kaure wala kwatsaiti, ambayo ni jiwe jingine linalofanana nayo kwa macho na huuzwa jirani yake.

Kaure si kitu cha kudharau hata kidogo, na tutairudia tukifika sakafuni. Shida ni kulipia jiwe na kupewa picha, au kupewa jiwe na kulisafisha kama kaure.

Aina na majina

Carrara, katika jimbo la Toscana nchini Italia, imechimbwa tangu enzi za Warumi, na ndiko lilikotoka jiwe ambalo Michelangelo alilichonga sanamu ya Daudi kati ya mwaka 1501 na 1504. Jiwe linalouzwa kwa jina hilo huwa na uwanda (sehemu iliyo kati ya mishipa) mweupe unaoelekea kijivu na mishipa myembamba. Calacatta na Statuario, za milima hiyo hiyo, huwa na uwanda mweupe zaidi na mishipa minene inayopita kwa ujasiri. Kisiwa cha Thasos nchini Ugiriki hutoa marumaru ya dolomiti, nyeupe karibu pasipo mshipa. Hispania hutoa Crema Marfil ya rangi ya krimu, Emperador ya kahawia, na Nero Marquina nyeusi yenye mishipa myeupe. Majina haya yanafaa kuanzishia mazungumzo, lakini hayathibitishi ubora. Majabali mawili ya chimbo moja yanaweza kutofautiana kwa rangi, nyufa na madini kiasi cha kuonekana kama yametoka nchi mbili.

Kwa bafu, yako makundi matatu yanayohitaji tahadhari ya pekee. Kundi la kwanza ni marumaru nyeupe zenye chembe za chuma, hasa pairaiti. Zikiwa kavu hazina kasoro inayoonekana. Zikikaa na unyevu kwa miezi au miaka, chuma hushika kutu ndani ya jiwe na kuleta madoa ya manjano au kahawia yanayotokea chini kuja juu. Dawa zenye klorini huharakisha jambo hilo, na kuyatoa madoa hayo ni kazi ngumu ambayo mara nyingi haifanikiwi. Kundi la pili ni mawe ya kijani yanayouzwa pamoja na marumaru, ambayo mengi yake yametokana na madini yaitwayo serpentini. Kigae chembamba cha jiwe hilo kikibandikwa kwa gundi yenye maji huweza kujikunja na kuinua pembe zake kabla gundi haijashika. Huhitaji gundi ya epoksi, isiyo na maji, na fundi asiyelijua hilo ataliharibu. Kundi la tatu ni nyeusi, ambazo kasoro yake ni ya macho tu, lakini ni ya kila siku. Kila tone lililokauka, kila ukoga wa sabuni na kila alama ya asidi huonekana juu yake kama chaki ubaoni. Mtu anayependa bafu jeusi na hapendi kufutafuta atachoka mapema.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wa nyumbani hawakijui sana. Natural Stone Institute, taasisi ya Marekani iliyoitwa zamani Marble Institute of America, huzipanga marumaru katika makundi A, B, C na D kwa kufuata uzima wake wakati wa kukatwa na kuchongwa. Marumaru za kundi A ni nzima na zinafanana tabia. Za B zinakaribia hizo, ila zina kasoro chache za asili. Za C na D zina nyufa, matundu na mishipa dhaifu ambavyo kiwanda huvijaza na kuvishikiza kama jambo la kawaida. Makundi haya hayapimi uzuri, na kwa kweli nyingi kati ya zile zenye rangi za kupendeza zimo katika D. Kwa ukuta wa sebule, D inaweza kuwa chaguo zuri sana. Kwa eneo la manyunyu ningebaki A na B, kwa kuwa kila ufa uliojazwa ni mlango ambao maji ya moto na ya baridi yatakuwa yakiusukuma kila siku.

Majaribio ya sampuli

Usichague kwa sampuli moja. Omba vipande vinne au vitano vya shehena ile ile utakayonunua, viwe vya rangi zilizo mbali kati yao, na uvipeleke bafuni kwako. Muuzaji asiyekubali kutoa vipande, hata kwa kulipwa, amekwisha kukupa sababu ya kutafuta mwingine.

Anza na tone la maji. Weka matone kadhaa juu ya kipande kikavu, mengine juu ya mshipa na mengine kwenye uwanda, uache dakika 15, kisha ufute. Ikiwa chini ya tone pamekuwa peusi, jiwe linanyonya. Ukiona mshipa pekee ndio uliokuwa mweusi, umegundua njia ambayo maji yatapita. Angalia pia itachukua muda gani rangi irudi, kwa maana jiwe linalochukua siku nzima kukauka kutokana na tone moja halitakauka kamwe katika bafu la familia. Rudia jaribio hilo kwenye kona kwa mafuta ya nywele au ya mwili mnayotumia nyumbani, kisha tia tone la limau kwenye kona nyingine kwa dakika chache. Lengo la limau si kukataa jiwe, kwani marumaru karibu zote zitapata alama, bali ni kuiona alama hiyo mwenyewe kwenye uso uliong'arishwa na kwenye uso usiong'aa, ukaamua ni ipi unayoweza kuishi nayo.

Jaribio lenye faida kuliko yote huchukua majuma, na ndilo linalorukwa na karibu kila mtu. Simamisha kipande ndani ya beseni la maji yanayofika nusu ya urefu wake, ukiache majuma mawili au matatu huku ukiongeza maji yanapopungua. Nusu ya juu itakuwa kielelezo na nusu ya chini itakuwa ushahidi. Kipande chenye chuma kingi kinaweza kuanza kutoa manjano kwenye mstari wa maji. Kilichojazwa resini mbovu kitaonyesha mijazo iliyolegea au iliyobadilika rangi. Na kile kisicho na tatizo kitakauka kikarudi sawa na nusu ya juu. Muda huo usipoonyesha kutu, hilo si hakikisho kwa miaka yote, ila ukiionyesha umeepuka hasara kubwa. Kwa kuwa ukarabati wa bafu huchukua muda kupangwa, hakuna sababu ya kukosa majuma hayo.

Hatimaye vitazame vipande vyote chini ya taa ya bafu lenyewe, vikavu na vilivyolowa. Jiwe lililolowa huongeza giza na mishipa yake hukolea, na katika bafu dogo lisilo na dirisha kijivu cha Carrara kinaweza kuwa kizito kuliko ulivyotarajia. Rangi utakayoiona ukiwa unaoga ni ile ya jiwe lililolowa, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuchagulia.

Ukuta ni jambo moja, sakafu ni jingine

Hapa ndipo ninapotofautiana na picha nyingi za mabafu yanayosifiwa, ambayo yamefunikwa marumaru moja kutoka dari hadi tundu la maji. Ukuta hupokea maji yanayoshuka na kuondoka. Haukanyagwi, haukai na dimbwi, na alama za asidi juu yake ni chache. Sakafu hupokea yote: mchanga wa nyayo, povu linalotuama, chupa za shampuu zinazoacha miduara, na unyevu unaobaki chini ya jiwe. Kama fedha au subira havitoshi kwa pande zote mbili, marumaru iwe ukutani na sakafu iwe ya kaure yenye rangi inayokubaliana nayo. Huo si ushauri wa kubana matumizi tu. Ni mpango ambao ningeuchagua hata kama fedha zipo.

Anayetaka sakafu ya marumaru aifanye kwa vipande vidogo visivyong'aa. Sababu ya kwanza ni mteremko. Sakafu ya manyunyu huteremka kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na tundu likiwa katikati, sakafu hulazimika kuteremka kutoka pande nne. Kigae kikubwa hakiwezi kujipinda kufuata umbo hilo bila kukatwakatwa, ilhali vipande vya sentimita 5 au pungufu, vilivyopangwa juu ya wavu, huufuata vizuri. Ukitumia mfereji mrefu wa ukutani badala ya tundu la katikati, sakafu huteremka upande mmoja, na vigae vikubwa huwezekana. Sababu ya pili ni utelezi: mistari mingi ya grauti, yaani mchanganyiko unaojazwa kati ya vigae, huupa mguu mahali pa kushika.

Kuhusu uso wa jiwe, uliong'arishwa hadi kuakisi nuru ubaki ukutani. Marumaru ya namna hiyo ikiwa na maji na sabuni chini ya mguu ni hatari, hasa kwa wazee na watoto, na hakuna mkeka utakaoiondoa hatari hiyo kabisa. Kwa sakafu chagua uso uliosuguliwa ukaishia kabla ya mng'ao, au uliozungushwa kiwandani mpaka kingo zikawa butu. Kiwango cha Kijerumani DIN 51097 hupima sakafu zenye maji kwa miguu mitupu na kuzigawa katika madaraja A, B na C, na kwa maeneo ya manyunyu hutakiwa B. Marekani hutumia kipimo cha msuguano kiitwacho DCOF, chenye kiwango cha chini cha 0.42 kwa sakafu tambarare za ndani zinazokanyagwa zikiwa na maji; kwa bafu lenye mteremko na sabuni, hicho kichukuliwe kuwa kizingiti cha kuanzia tu. Muulize muuzaji jiwe lake limepimwa kwa kipimo kipi. Asipokuwa na jibu, lowesha kipande kikubwa kwa maji ya sabuni, kikiwa kimelala imara sakafuni, na ukikanyage bila viatu huku umeshikilia kitu.

Uso usiong'aa una faida nyingine hata ukutani, kwamba alama ya asidi juu yake haionekani sana, kwa vile hakuna mng'ao wa kupotea. Kasoro yake ni kwamba hushika ukoga wa sabuni kwa urahisi zaidi. Kwenye kuta za rangi nyepesi naona faida imezidi kasoro.

Vipimo, uzito na kuagiza

Marumaru ina uzito wa takriban kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo, hivyo kigae cha unene wa milimita 10 kina kilo 27 kwa mita ya mraba, na bamba la milimita 20 lina kilo 54. Chukua bafu lenye kuta tatu ambazo upana wake ukijumlishwa ni mita 3.5 na kimo ni mita 2.2: eneo ni mita za mraba 7.7, na vigae vya milimita 10 vitaleta kilo 208 hivi kabla ya gundi. Ukuta wa tofali ulioshikana vizuri hubeba bila taabu. Ukuta wa mbao au fremu ya chuma uchunguzwe na mtu anayejua mizigo, na kwa vyovyote bodi ya kawaida ya jasi isitumike nyuma ya manyunyu. Mahali pake ni pa bodi ya saruji au nyingine iliyotengenezwa kwa maeneo ya maji.

Kigae kikikua, ukuta nao lazima unyooke zaidi. Kwa vigae vyenye upande wa sentimita 38 au zaidi, mafundi wa Marekani hutakiwa kuhakikisha ukuta haupotoki zaidi ya milimita 3 katika urefu wa mita 3. Kama kuta zako zimevimba na hutaki kuzipiga lipu upya, vigae vya sentimita 30 kwa 30 au vidogo zaidi vitakusamehe mengi.

Katika kuagiza, ongeza asilimia 10 hadi 15 juu ya eneo ulilopima, na 20 ikiwa vigae vitapangwa mshazari au kwa mtindo wa mifupa ya samaki, ambao hula vipande vingi kwenye kingo. Kwa bafu la mfano wetu, mita za mraba 9 zingetosha kwa mpangilio wa kawaida. Agiza vyote kwa mara moja na kutoka shehena moja. Jiwe la asili likiisha katikati ya kazi, shehena inayofuata inaweza kuwa na uwanda wa rangi nyingine, na hakuna fundi awezaye kuuficha mstari ambapo zilikutana. Makasha yakifika, yafungue yote kabla fundi hajabandika kigae cha kwanza, uvipange sakafuni kwenye chumba kikubwa, uchanganye vya kasha moja na jingine, upeleke vyenye mishipa mizuri kwenye ukuta unaotazamana na mlango, na vile vyenye madoa uvitenge kwa ajili ya kukatwa pembeni. Kazi hii huchukua asubuhi moja na hubadilisha sura ya bafu kuliko tofauti ya bei kati ya daraja moja la jiwe na jingine.

Kizingiti, rafu ya kuwekea sabuni na ubao wa kukalia, kama upo, viwe vya bamba zima pale inapowezekana, na uso wake uelekezwe ndani kwa mteremko mdogo ili maji yasitulie. Viungo vya grauti mahali pa kulala namna hiyo ndivyo vinavyochoka kwanza.

Yaliyo nyuma ya jiwe

Wala marumaru wala grauti havizuii maji. Kazi hiyo ni ya utando wa kuzuia maji, uwe wa kupaka au wa karatasi ya kubandika, ulioshikamana bila kukatika kutoka sakafuni hadi juu ya kimo cha bomba, huku kona zikiimarishwa kwa kitambaa chake. Kabla ya kigae chochote kubandikwa, tundu la maji lizibwe, sakafu ijazwe maji kwa saa 24, na kiwango chake kitiwe alama. Fundi anayeliona jaribio hilo kuwa ni kumpotezea muda asipewe kazi. Utando ukivuja nyuma ya vigae vya kaure utaujua baadaye. Nyuma ya marumaru nyeupe utaujua mapema, kwa kuwa jiwe litabaki na giza sehemu za chini na halitakauka.

Gundi iwe nyeupe kwa kila marumaru nyepesi, kwani ya kijivu hupenya kwa rangi na kulitia jiwe kivuli. Ipakwe kwa mwiko wa meno ukutani na kwa tabaka jembamba mgongoni mwa kigae, ili ifunike angalau asilimia 95 ya mgongo. Kubandika kwa madonge matano, ambako bado hufanywa na mafundi wenye haraka, huacha mifuko ya hewa inayojaa maji, na huonekana kutoka nje kama madoa matano ya mviringo. Vigae vyenye wavu na resini mgongoni huhitaji gundi inayoshika resini, kwa kawaida ya epoksi. Utambue hilo kabla ya kununua gundi.

Nafasi kati ya vigae iwe milimita 1.5 hadi 3, na isiwe sifuri hata kama muuzaji anasifu kingo zake zilizonyooka. Kwa nafasi hizo tumia grauti isiyo na mchanga, kwa sababu yenye mchanga huikwaruza marumaru iliyong'arishwa wakati wa kuifuta, na ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha ziada, hasa ikiwa ya rangi iliyokolea. Pembe ambazo ukuta hukutana na ukuta au sakafu zisijazwe grauti. Hapo huwekwa silikoni inayokaushwa bila asidi na iliyoandikwa kuwa inafaa kwa mawe ya asili. Silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki hulila jiwe kando yake, na baadhi huvuja mafuta yanayoacha mpaka mweusi usiotoka.

Dawa ya kuziba vinyweleo na usafi

Chagua dawa inayopenya ndani ya jiwe, si ile inayoacha ngozi juu, kwani ngozi hunasa unyevu na kubanduka. Ipakwe mara ya kwanza kabla ya grauti, jiwe likiwa kavu kabisa, na mara ya pili baada ya grauti kukomaa. Kinachobaki usoni kifutwe kabla hakijakauka, la sivyo kitaacha ukungu. Dawa hii hupunguza kasi ya mafuta na rangi kuingia. Haizuii asidi, na lebo inayodai vinginevyo isomwe kwa tahadhari. Kujua wakati wa kuirudia, tumia tone la maji la dakika 15 lile lile ulilotumia kwenye sampuli, kwenye sehemu inayopigwa na manyunyu zaidi.

Kwa usafi, sabuni isiyo na asidi wala magadi makali, kitambaa laini, na mpira wa kufutia maji unaoning'inizwa ndani ya bafu ambapo kila mtu ataufikia. Dawa za siki, za limau na za kutoa gamba zihamishwe kutoka kabati la bafuni, kwa sababu mgeni au msaidizi wa nyumbani atakayezikuta hapo atazitumia kwa nia njema.

Vigae vitakavyobaki vifungwe pamoja na kipande cha grauti iliyokauka na karatasi yenye jina la jiwe, la gundi na la dawa, kisha viwekwe mahali pakavu. Bomba la ndani ya ukuta likihitaji kufunguliwa miaka kadhaa baadaye, vipande hivyo vitatu au vinne ndivyo pekee vitakavyolingana na ukuta wako.